Nati chini ya pua: kwa nini RV zenye gurudumu la mbele hupinduka zikitua

Ukikuta picha ya ndege ndogo imelala chali katikati ya uwanja wa nyasi, mabawa mazima, magurudumu juu, mkia umebonyea na kanopi (kioo kinachofunika chumba cha rubani) imepasuka, tazama kwanza mguu wa mbele. Kwa RV-6A, RV-7A au RV-9A, mara nyingi utaukuta umekunjwa kuelekea nyuma, chini ya kifuniko cha injini. Rubani atakwambia alikuwa ameshatua, mwendo umeshapungua, ndege ikaingia kwenye kishimo. Huenda ni kweli. Ila kishimo hicho hicho ndege nyingine imekipita asubuhi ile ile bila shida, na tofauti kati ya hizo mbili kwa kawaida ilianza kabla ya uzio wa uwanja, kwenye saa ya mwendo.

Kwa wasiozijua: RV ni ndege za kujengwa nyumbani kutoka Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1973 na Richard VanGrunsven. Herufi hizo mbili ni za jina lake. Kampuni inauza seti ya vipande: mabati ya alumini, mbavu, fremu ya injini, miguu ya magurudumu. Mjenzi anapiga ribiti mwenyewe gerejini, maelfu kwa maelfu, kwa miaka. Sheria ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya kazi ya kuunda ndege ifanywe na mtu anayejenga kwa kujifunza au kujiburudisha, ndiyo ile "asilimia 51" ambayo kila mjenzi anaitaja. RV zaidi ya 11,000 zimesharuka, kwa hiyo tabia zake zinajulikana kuliko za ndege nyingine yoyote ya aina hii. Herufi A mwishoni inaonyesha ndege ina gurudumu la mbele. Isiyo na A ina gurudumu la mkia.

Ndege za kujengwa nyumbani kwa jumla zina rekodi mbaya kuliko zile za kiwandani. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ilitoa utafiti mwaka 2012: ndege hizi zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za nchi hiyo, lakini mwaka 2011 zilihusika katika asilimia 15 hivi ya ajali na asilimia 21 ya ajali zenye vifo. Zaidi ya nusu ya zilizoanguka mwaka ule zilikuwa mikononi mwa mtu aliyeinunua ndege ikiwa imetumika. Hilo la mwisho likae kichwani, kwa sababu mnunuzi hajui fundi wa kwanza alikaza nini na aliacha nini.

Mguu wenyewe

Mguu wa mbele wa modeli hizi tatu ni fimbo ya chuma cha springi. Inatoka kwenye soketi iliyochomelewa kwenye fremu ya injini, inakwenda mbele na chini, ikiwa nyembamba zaidi kadiri inavyoshuka. Hakuna shokomzoba, fimbo yenyewe ndiyo inayopinda na kurudi. Mwishoni inasimama karibu wima, na hapo ndipo uma wa gurudumu unapozungukia. Gurudumu linafuata nyuma ya mhimili huo lenyewe, halina uhusiano wowote na pedali. Ukiwa chini unakata kona kwa breki ya upande mmoja, na mwendo ukiwepo, kwa usukani wa mkia.

Uma unashikiliwa na nati kubwa upande wa chini kabisa, mbele ya tairi. Nati hiyo ndiyo kiungo cha chuma kilicho karibu zaidi na ardhi. Sasa fuata nguvu zinavyokwenda. Uzito ukilalia pua, fimbo inapinda juu, na kwa kuwa inapinda kama upinde, ncha yake ya chini inazunguka: gurudumu linapanda, nati inainama mbele na kushuka. Kadiri uzito unavyozidi, nati inazidi kukaribia nyasi. Ikigusa lami inakwaruza tu na kuacha mstari. Ikigusa udongo laini inachimba. Kuanzia hapo gurudumu halina kazi tena: udongo unashika ncha ya fimbo, ndege bado inakwenda mbele, fimbo inakunjika chini ya tumbo, na mkia unapita juu ya kichwa cha rubani. Haihitaji mwendo mkubwa. Kuna walioipindua ndege kwa mwendo wa baiskeli, wakitoka kwenye njia ya kurukia kwenda kuegesha.

NTSB iliufanyia mguu huu uchunguzi wa kihandisi, na Novemba 2007 Van's ikatoa taarifa ya huduma kwa wamiliki: uma mpya, na mguu ukatwe na kuchongwa nyuzi upya ili nati ipande juu kiasi cha inchi moja, yaani milimita 25 hivi. Inchi moja inasikika ndogo. Lakini kwa gurudumu ambalo tairi lake lina kipenyo cha inchi 11 tu, inchi hiyo ndiyo inayoamua kama fuko aliyechimba usiku atakugharimu ndege. Baadaye kampuni ilileta mguu wa muundo mwingine kwa 7A na 9A, unaofanana na wa RV-14A, ambapo mguu mgumu umeegemezwa kwenye bawaba na vipande vya raba ndivyo vinavyobeba mshtuko. Kwa maoni yetu huo ndio mguu ambao ungepaswa kuwapo tangu mwanzo, ila kuuweka kwenye ndege ya zamani kunahitaji fremu nyingine ya injini, maana yake injini ishuke. Wengi hawafanyi. Wanafunga kiunzi cha kuikaza fimbo kinachouzwa na watu wengine, na kinasaidia, mradi mtu asidhani kimempa ruhusa ya kutua vibaya.

Noti nane za ziada

RV-7A yenye uzito kamili wa kilo 816 inastoli, yaani bawa linashindwa kuibeba, flapu (vibao vya nyuma ya bawa) zikiwa chini, kwenye noti 50 hivi, kama kilomita 93 kwa saa. Kanuni ya kawaida ni kukaribia njia kwa mwendo wa stoli mara 1.3, kwa hiyo noti 65. Rubani anaiandika 65 kwenye kikaratasi, anakibandika kwenye dashibodi, na anaitumia siku zote.

Tatizo ni kwamba siku nyingi yuko peke yake na mafuta nusu. Tuseme ndege sasa ina kilo 620. Mwendo wa stoli unashuka kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito, si kwa uwiano wenyewe: 620 kwa 816 ni 0.76, kipeuo chake 0.87, stoli inakuwa chini kidogo ya noti 44. Mara 1.3 ni 57. Akija na 65 amebeba noti nane asizozihitaji, na nishati ya mwendo imezidi kwa asilimia 30. Bawa la RV ni safi, halina ukinzani wa kuimeza nishati hiyo. Ndege inaelea mita baada ya mita, futi mbili juu ya njia, na mwisho wa njia unakuja.

Hapa ndipo mkono unapofanya kosa. Badala ya kusubiri, au kuongeza nguvu na kuondoka, rubani anasukuma stiki (mkono wa kuongozea ndege) mbele kidogo "kuiweka chini". Magurudumu matatu yanagusa pamoja, au la mbele linagusa kwanza. Bawa bado linabeba sehemu kubwa ya uzito, magurudumu makubwa hayana mshiko, na ndege inakwenda kama mkokoteni unaosukumwa kwa kuegemea gurudumu lake moja la mbele. Nati ipo hapo hapo chini.

Saa ya mwendo nayo si ya kuaminiwa kabla ya kupimwa. Kwenye RV tundu la hewa tuli, linaloipa saa hiyo shinikizo la hewa ya nje, ni ribiti ya kawaida ya kuvuta, yenye kichwa cha mviringo, iliyotolewa msumari wake wa ndani na kuachwa na tundu katikati, moja kila ubavu wa mwili. Haipendezi machoni, na wajenzi wengine wanaibadilisha na kitundu kizuri cha alumini kilicholingana na bati. Kile kichwa cha mviringo kipo kwa makusudi: kinarekebisha shinikizo pale hewa inapopita. Ukikiondoa, saa ya mwendo na altimita, saa ya kimo, vinaweza kusoma kosa, na hutajua mpaka upime. Mpira wa hewa tuli unaovuja nyuma ya dashibodi unaleta matokeo ya aina hiyo hiyo.

Kwa hiyo usitumie namba ya rafiki, wala ya brosha. Panda angalau futi 5,000 juu ya ardhi, ndege iwe na uzito unaoujua, punguza nguvu, shusha flapu, na uvute polepole noti moja kwa sekunde mpaka istoli. Andika saa inasoma ngapi. Rudia mara tatu. Halafu fanya hivyo tena ukiwa na abiria au mifuko ya mchanga iliyofungwa vizuri. Namba mbili zitakazotoka, kila moja mara 1.3, ndizo zako. Kipindi cha majaribio ambacho FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inakiamuru kwa ndege mpya, kwa kawaida saa 25 au 40 kutegemea injini na rafadha, kipo kwa kazi hizi hasa. Wengi wanakimaliza kwa kuzunguka zunguka juu ya mji.

Kwa wenzetu wanaorusha Wilson, Nairobi, ongezeni jambo moja. Uwanja uko kiasi cha futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 25, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000. Saa ikionyesha 65, ndege kwa kweli inakata hewa kwa noti 73 hivi. Usipunguze namba ya kwenye saa, maana bawa linastoli kwa namba ile ile, lakini jua kwamba magurudumu yatagusa yakiwa na kasi ya noti sita au saba zaidi kuliko Mombasa, na kila noti inayozidi kwenye saa inaumiza zaidi huko juu.

Mruko wa tatu

Ndege ikidunda mara moja, kwa futi moja au mbili, shikilia stiki palepale ilipo, acha ishuke, ongeza nguvu kidogo kama imepoteza mwendo, itue tena kwa magurudumu makubwa. Basi.

Ikidunda zaidi ya hapo, ondoka. Nguvu zote, pua ibaki kwenye upeo wa macho, flapu zipande hatua kwa hatua mwendo ukishapatikana. Usijaribu kuitengeneza. Binadamu anachelewa nusu sekunde hivi kuitikia, na pua ya ndege fupi kama hii inapanda na kushuka ndani ya muda unaokaribia huo. Unasukuma ilipokuwa juu, stiki inafanya kazi ikiwa tayari inashuka. Mdundo wa pili unakuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na ule wa tatu ndio unaovunja. Mafundi wanaouona mguu baadaye wanaweza kukuonyesha: rafadha imejikunja ncha, chini ya kifuniko cha injini kumekwaruzwa, na kwenye lami kuna mikato ya rafadha iliyopangana kwa nafasi sawa, hatua moja kwa kila panga lililopita.

Kuna ndege zinazodundisha pua kirahisi zaidi. RV-7A yenye rafadha nzito ya chuma inayobadilika pembe, rubani peke yake, hakuna mzigo nyuma: kitovu cha uzito kiko mbele kabisa. Flapu zikiwa chini zote, elevata (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) inaisha nguvu mapema, unavuta mpaka tumboni na pua bado inataka kushuka. Dawa ni kupima uzito kwa mizani halisi, magurudumu yote matatu, kisha kuweka kilo kumi au ishirini kwenye sehemu ya mizigo unaporuka peke yako ikiwa hesabu inaruhusu. Wengine wanatua na flapu nusu wakiwa peke yao. Nayo ni sawa, ila mwendo upimwe upya.

Ukishagusa, kazi haijaisha

Gurudumu la mbele la RV si la kutua nalo. Ni la kuzuia rafadha isiguse ardhi. Ukilichukulia hivyo, mengine yanafuata. Gusa kwa magurudumu makubwa, pua ikiwa juu. Endelea kuvuta stiki nyuma taratibu kadiri mwendo unavyopungua, ili pua ikae juu mpaka elevata ishindwe kuibeba yenyewe. Ikishuka, stiki iwe imefika nyuma kabisa na ibaki hapo, kwenye kuviringika, kwenye kutoka njiani, mpaka unapoegesha. Wengi wanaachia stiki gurudumu la mbele likishagusa, kama mtu aliyemaliza kusaini. Hapo ndipo uzito wote unapolalia fimbo.

Kwenye nyasi, breki ni adui. Kila unapobana, uzito unahamia mbele na nati inashuka. Kama uwanja ni mfupi kiasi kwamba lazima ubane breki kwa nguvu, uwanja huo si wa ndege hii. Pandisha flapu ukishatulia chini ili uzito uende kwenye magurudumu makubwa, lakini angalia unachoshika. Ukitoka njiani, usikate kona kali juu ya ukingo ambapo lami inaishia na nyasi zinaanza. Ngazi ya sentimita saba au nane pale imepindua ndege ambazo zilikuwa zimetua vizuri kabisa. Vuka kwa mshazari, taratibu, nguvu kidogo ya injini na stiki nyuma ili upepo wa rafadha ukandamize mkia.

Uwanja wa nyasi usioujua, utembee kwa miguu kwanza, au mpigie simu anayeutumia. Muulize kuhusu mashimo ya wanyama, michirizi ya maji ya mvua, na nyasi zina urefu gani. Nyasi zinazofika katikati ya gurudumu la mbele zinatosha kukurudisha. Vua kile kifuniko cha gurudumu kabla ya msimu wa matope: kinajaa udongo, gurudumu linasota, na gurudumu linalosota linavuta mguu nyuma.

Kwenye banda

Ukaguzi wa mguu huu unachukua saa moja, na hauhitaji kifaa cha ajabu zaidi ya mizani ya springi. Funga uzito mkiani au shikiza mkia chini ili pua iinuke na gurudumu la mbele lielee.

Anza na uma. Funga mizani kwenye ekseli na uvute kwa upande, pembe mraba. Uma uanze kuzunguka kwenye nguvu ya pauni 22 hivi, karibu kilo 10. Soma mwongozo wa modeli yako uthibitishe. Ukizunguka kirahisi, gurudumu litatetemeka kwa kasi fulani mpaka dashibodi isisomeke, na mtetemo huo unachosha fimbo. Ukiwa mgumu mno, ndege haikati kona na utabana breki bila mpango. Marekebisho ni kwenye nati yenyewe, inayobana washa za springi zenye umbo la kisahani. Rudisha pini ya kufungia, na safisha kisha upake grisi kabla ya kupima. Grisi kavu inadanganya.

Kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Lizunguke huru. Muundo wa zamani una bolti ndefu inayopita kati na kubana beringi kutoka pande zote mbili, na mtu akiikaza bolti kama anavyokaza bolti nyingine, beringi zinabanwa na sili zake zinasota dhidi ya vipande vya pembeni. Mkononi gurudumu linazunguka kwa uzito fulani tu. Kwenye njia, kwa kasi ya noti 50, linapata moto na kushika. Vipande vya ekseli vilivyoboreshwa vinapatikana na vinaondoa tatizo hili. Katika marekebisho yote ya bei ndogo, tungeanza na hilo.

Upepo wa tairi ni jambo la kila wiki. Tairi dogo lina hewa kidogo, linapungua haraka, na kila linavyolala nati inashuka nalo. Ndege ikiwa na watu wawili na mafuta kamili, chukua rula na upime kutoka sakafuni mpaka chini ya nati. Andika namba hiyo ukutani. Ikipungua, ama tairi limekwisha upepo, ama fimbo imepinda moja kwa moja. Fimbo iliyopinda hainyooshwi.

Mwisho panda juu, pale soketi inaposhika fimbo. Bolti inayopita hapo ikilegea inatanua tundu lake, na ndege inapata mchezo wa mbele na nyuma ambao utausikia ukisukuma na kuvuta tairi. Mulika viungo vya kuchomelea vya fremu kwa tochi, ukitafuta ufa au mstari wa kutu unaotoka chini ya rangi. Ukiwa na shaka, ondoa rangi na upime kwa dawa ya kuonyesha nyufa.

Wenye gurudumu la mkia

Wanapenda kuwacheka wenye A, na hawana haki kubwa ya kucheka. Ndege yao haikunji mguu wa mbele kwa sababu hauna. Ila kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo ikianza kupinda njiani, uzito unazidisha kupinda. Nyuzi tano zikiachwa zinakuwa ishirini, bawa la nje linagusa chini, mguu wa upande huo unajikunja. Tiba ni miguu inayocheza kwenye pedali tangu kugusa mpaka kusimama, na saa kadhaa na mwalimu ndani ya ndege ya aina hiyo hiyo. Mwenye A anaweza kulala kidogo ndege ikiviringika. Mwenye mkia hawezi hata kidogo.

Ukiwa kichwa chini

Zima vitu kwa mpangilio: mchanganyiko wa mafuta, swichi za magneto, swichi kuu, valvu ya mafuta. Mafuta yatavuja kupitia vifuniko na mirija ya hewa ya tenki. Harufu ni kawaida, cheche ndiyo hatari. Usifungue mkanda bado. Egemeza kiganja kimoja kwenye kinachokuwa dari, kaza miguu, kidevu kifuani, ndipo ufungue. Watu wamesalimika katika kupinduka wakaumia shingo kwa kuanguka kutoka kwenye kiti.

Kanopi haitafunguka. Ile inayoteleza reli zake zimepinda, ile inayofunguka kwa mbele imelaliwa na ndege. Zinatofautiana pia kwa mahali pa upinde wa chuma unaolinda vichwa: kwenye ya kuteleza uko mbele, kwenye kioo cha mbele, kwenye nyingine uko nyuma ya viti. Kwa vyovyote, toka kwa kuvunja. Plastiki ya kanopi haikatiki, inapasuka, kwa hiyo kinachohitajika ni kitu kizito chenye ncha, kilichofungwa mahali ambapo mkono unafika ukiwa unaning'inia. Nyundo iliyoko kwenye mfuko nyuma ya kiti haina maana.

Wanaokuja kusaidia: ndege tupu ni kilo 500 hivi, watu sita wanaweza kuinua mkia. Lakini wekeni kitu imara chini kabla mtu yeyote hajaingiza mwili, na mtu mmoja asimame na kizimamoto tangu mwanzo.

Baada ya vumbi

Marekani, ajali kwa maana ya kisheria ni ile yenye kifo, jeraha kubwa, au uharibifu mkubwa wa ndege, na NTSB hujulishwa mara moja. Ripoti ya maandishi inafuata ndani ya siku 10. Mguu, gurudumu, tairi, ncha ya bawa au rafadha iliyopinda peke yake havihesabiwi kuwa uharibifu mkubwa. Lakini ndege iliyolala chali kwa kawaida imebonyea mkia au mwili, na hapo imeshavuka mpaka. Mabaki hayaguswi mpaka ruhusa, isipokuwa kutoa watu, kulinda umma au kuzuia uharibifu usizidi. Kenya taarifa inakwenda kwa idara ya uchunguzi wa ajali za ndege, AAID.

Injini sasa. Rafadha ikigusa ardhi injini ikizunguka, hata kama ni panga moja tu lililopinda, Lycoming, mtengenezaji wa injini, kwenye taarifa yake namba 533 inaiita pigo la rafadha na inataka injini ifunguliwe. Agizo la FAA namba 2004-10-14 linakwenda kwenye kiungo mahususi: gia ya nyuma ya kranki, bolti yake, na kipini kidogo kinachoiweka mahali. Pigo la mbele linasafiri kwenye kranki yote na kutikisa gia hiyo. Kipini kikikatika, gia inateleza, kemshafti na magneto vinapoteza mpangilio, na injini inazimika ghafla, labda saa 100 baadaye, juu ya msitu. Kupima flenji ya mbele kwa saa ya kupimia na kuikuta imenyooka hakusemi lolote kuhusu nyuma.

Kuna anayedai kwamba agizo hilo haliibani kisheria ndege ya majaribio, kundi ambalo ndege za kujengwa nyumbani zimewekwa. Abishane na mwanasheria. Kranki haisomi kanuni. Na wewe unayenunua RV iliyotumika, fungua kitabu cha injini utafute neno la rafadha kubadilishwa. Ikiwa rafadha ni mpya, kifuniko cha injini kimepakwa rangi upya, na hakuna mstari unaosema injini ilifunguliwa na gia ya nyuma kukaguliwa, toa gharama ya kazi hiyo kwenye bei kabla hujaweka sahihi.